Ulishinda Hoja, Ukampoteza Ndugu: Namna ya Kuandaa Mdahalo Wenye Faida



Vijana wenzangu, leo tujifunze jambo ambalo wengi wetu tunadhani tulilimaliza shuleni: mdahalo. Nani asiyekumbuka "Elimu ni bora kuliko pesa" au "Maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini"? Mwenyekiti mezani, katibu pembeni yake, mtunza muda na kengele, na yule mwenzetu ambaye kila akisimama lazima aisalimie meza kuu dakika mbili nzima, kengele inalia hajataja hata hoja moja.

Tukishakuwa watu wazima tunaendelea kubishana, ila sasa hakuna mwenyekiti wala kengele. Tunabishana kwenye vikao vya vijana, kwenye jumuiya, kijiweni, njiani tukitoka Misa. Mahari, uchumba, siasa, kubeti, makanisa mengine. Na mara nyingi mwisho wake ni kununiana. Wengine hata kikao kinachofuata hawaji.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Siku niliyopigiwa makofi

Nilikuwa likizo, nimetoka kumaliza masomo ya falsafa, kichwa kimejaa Aristotle na kanuni za mantiki. Viongozi wa vijana wakaandaa mdahalo kuhusu kubeti mpira, wakaniomba nisimame upande wa kupinga. Upande wa pili alisimama kaka mmoja anayefanya kazi gereji, mtu mpole, ambaye si mzoefu wa kuongea mbele za watu. Akasema hivi: "Frateri, mimi natumia buku moja kwa wiki. Watoto wangu hawajawahi kulala njaa kwa ajili ya mkeka. Nionyeshe Kanisa limesema wapi kwamba hii ni dhambi."

Lilikuwa swali zuri, na lilistahili jibu. Mimi nikatabasamu nikasema: "Kwa hiyo ndugu zangu, tumefika mahali mkeka umekuwa sala ya jioni?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Makofi. Yule kaka akakaa chini, na mwenyekiti akatangaza kwamba upande wangu umeshinda.

Hakuja tena. Nilipokutana naye wiki kadhaa baadaye aliniambia kwa utulivu tu, na ndiyo maana iliniuma: "Frateri, siku ile nilikuuliza kitu nikitaka kujua kweli. Wewe ukanichekesha kwa watu."

Nilirudi nyumbani nikafungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413. Kumbe inafundisha kwamba michezo ya kubahatisha na ya kuwekeana dau, yenyewe kama yenyewe, haipingani na haki. Inakuwa haikubaliki kimaadili pale inapomnyima mtu kile kinachohitajika kwa maisha yake na ya wanaomtegemea. Inaonya pia kwamba tamaa ya kucheza inaweza kumgeuza mtu mtumwa.

Jamani! Mimi siku ile nilikuwa nimesema kila mkeka ni dhambi, basi, kwisha habari. Yule kaka alikuwa ameshika nusu ya ukweli mkononi, nami nilikuwa na nusu nyingine, ile ya onyo kuhusu utumwa, ambayo huenda ingemfaa. Hatukubadilishana. Nilipigiwa makofi kwa jibu lenye kosa, na ndugu akaondoka.

Tangu hapo nimeamini jambo moja, na ndilo somo la leo: utaratibu wa mdahalo haukuwekwa kwa ajili ya mapambo. Upo ili umlinde anayeuliza kwa nia njema, na uulinde ukweli usimezwe na mwenye mdomo mwepesi.

Kanisa limejadiliana tangu mwanzo

Wapo wanaodhani Mkatoliki mwema habishani, ananyamaza na kutii. Someni Matendo ya Mitume sura ya 15. Swali lilikuwa zito: je, watu wa mataifa wanaoongoka walazimike kutahiriwa? Kulikuwa na majadiliano mengi, Maandiko hayafichi. Kisha angalieni mpangilio: Petro anasimama na kusema, mkutano mzima unanyamaza, Barnaba na Paulo wanaeleza yaliyotokea kwenye safari zao, halafu Yakobo anahitimisha. Mwisho uamuzi unaandikwa katika barua na kutumwa. Kuna mmoja anayesema na wengine wanaosikiliza, kuna ushahidi, kuna hitimisho, kuna maandishi. Mifupa yote ya mdahalo imo mle ndani.

Mfano wa pili unatoka kwenye bara letu hili hili la Afrika. Mwaka 411, mjini Karthago, katika nchi inayoitwa leo Tunisia, maaskofu Wakatoliki na maaskofu wa Wadonati walikutana kujadiliana mbele ya mwamuzi. Mgawanyiko wao ulikuwa na umri wa karibu miaka 100. Ulianzia baada ya dhuluma ya Kaisari Diokletiano, wakati baadhi ya viongozi walishutumiwa kwamba walisalimisha Maandiko Matakatifu kwa watesi. Wadonati walishikilia kwamba mhudumu asiyestahili hawezi kutoa sakramenti halali. Wakatoliki, akiwemo Mtakatifu Augustino wa Hippo, walijibu kwamba anayetenda katika sakramenti ni Kristo mwenyewe.

Walihudhuria Wakatoliki 286, na Wadonati karibu idadi hiyo hiyo. Hebu fikiria maaskofu zaidi ya 500 wakibishana kwa pamoja ndani ya ukumbi mmoja! Mwamuzi, afisa wa serikali aliyeitwa Marcellinus, akaweka utaratibu: kila upande uchague wasemaji saba, washauri saba wa kuwasaidia, na watu wanne wa kulinda kumbukumbu. Waandishi waliandika kila neno lililosemwa, na aliyesema aliweka sahihi yake chini ya maneno yake. Walikutana siku tatu za mwezi Juni, tarehe 1, 3 na 8.

Wadonati walikataa kuketi pamoja na watu waliowaona ni wakosefu, wakabaki wamesimama. Marcellinus naye akasimama. Mwamuzi hakutaka kukaa kitini huku upande mmoja umesimama. Mwenyekiti wa mdahalo wowote wa vijana angeweza kujifunza hapo maana ya kutopendelea.

Jambo lililonigusa zaidi lilitokea kabla ya mdahalo wenyewe. Maaskofu Wakatoliki walimwandikia Marcellinus kwamba wakishindwa wataachia viti vyao vya uaskofu. Na wakishinda, watakuwa tayari kushirikiana kiti hicho na askofu Mdonati wa mji huo huo atakayerudi katika umoja. Waliingia wakiwa wamekubali kwamba kuna kitu chenye thamani kuliko cheo chao, yaani kumrudisha ndugu. Mimi niliingia kwenye mdahalo wa kubeti nikiwa sijakubali kupoteza hata kicheko kimoja.

Mwalimu anayeanza na hoja za wapinzani

Mfano wa tatu ni Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274. Katika Chuo Kikuu cha Paris alipofundisha, mdahalo ulikuwa sehemu ya kazi ya mwalimu, sawa na kutoa mihadhara. Mwalimu alitangaza swali. Siku ya kwanza waliohudhuria walitoa pingamizi zao, na mwanafunzi wa ngazi ya juu alibeba mzigo wa kuzijibu. Siku nyingine mwalimu mwenyewe alirudi, akapanga hoja za pande zote, akatoa hitimisho na kujibu pingamizi moja baada ya nyingine. Ilikuwepo pia midahalo ya wazi, wakati wa Majilio na wa Kwaresima, ambapo yeyote aliyehudhuria aliweza kuuliza chochote. Chochote kabisa!

Ukifungua Summa yake utaona alama ya midahalo hiyo katika kila kipengele. Chukua swali la kama Mungu yupo. Wengi tungetegemea mtakatifu aanze kwa kusema "ndiyo, yupo". Yeye anaanza na hoja mbili za kusema hayupo: kwanza, kwamba uovu upo duniani, pili, kwamba mambo yote yanaweza kuelezwa kwa nguvu za maumbile na akili ya binadamu bila kumtaja Mungu. Anaziandika vizuri, kwa nguvu zake zote, hata asiyeamini angesema: naam, hicho ndicho ninachosema. Baada ya hapo ndipo analeta neno la Maandiko la upande mwingine, anatoa jibu lake lenye njia tano zinazojulikana sana, na mwishoni anarudi kwenye zile hoja mbili na kuzijibu. Hakuna aliyeuliza akaachwa hewani.

Linganisha na mimi na utani wangu wa sala ya jioni.

Hatua za kuandaa mdahalo

Sasa tuje kwenye vitendo. Haya ndiyo ninayowashauri viongozi wa vijana.

*1. Tunga hoja, usitaje mada tu.* "Kubeti" ni mada, na kila mtu ataongea lake. Hoja ni sentensi moja inayoweza kukubaliwa au kukataliwa, kwa mfano: "Kiongozi wa vijana wa parokia hapaswi kubeti." Hapo kuna kitu cha kupima. Chagua jambo ambalo watu wenye nia njema wanatofautiana kweli. Hoja ambayo jibu lake kila mtu analijua inaleta michezo ya maneno tu.

*2. Mafundisho ya imani hayapigiwi kura.* Tunaweza kuuliza maswali magumu kuhusu Ekaristi au Bikira Maria ili tuelewe, kama Tomaso alivyouliza. Lakini atakayetoa pingamizi aseme "wapo wanaosema kwamba...", na mwishoni kusiwe na kuhesabu mikono. Mtu asilazimishwe pia kutetea kitu ambacho dhamiri yake inamkataza. Kwenye mambo ya kimatendo, kama ratiba, michango au mavazi, pigeni kura ya nani awe upande gani. Ukitetea usichokiamini kwa dakika tano, utamwelewa anayekiamini kwa maisha yake yote.

*3. Kubalianeni maana za maneno mapema.* Kubeti ni nini? Je, bahati nasibu ya kuchangia ujenzi wa kigango imo? Maana ziandikwe na pande zote zizikubali kabla ya siku yenyewe. Kule Karthago sehemu kubwa ya vikao viwili vya mwanzo ilikwisha kwenye mabishano ya utaratibu na uhakiki wa sahihi. Msirudie hilo.

*4. Wasemaji wachache, muda mmoja kwa wote.* Wasemaji watatu kila upande wanatosha. Huu ni mpangilio wa saa moja: wasemaji sita dakika tano tano, jumla 30, wakipokezana upande kwa upande, maswali ya wachangiaji dakika 15, majumuisho, dakika nne kila upande, jumla 8, na dakika 7 za katibu kusoma kumbukumbu. Kengele ikilia, imelia, hata kama anayeongea ni frateri. Hasa akiwa frateri.

*5. Rudisha hoja kabla ya kuijibu.* Hii ndiyo roho ya mambo yote. Kabla ya kumpinga mwenzako, rudia alichosema kwa maneno yako, kisha mwulize: "Ndivyo ulivyosema?" Akijibu hapana, sahihisha. Akijibu ndiyo, ndipo ujibu. Mithali 18:13 inamwita mjinga anayejibu kabla ya kusikia. Na Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzoni mwa Mazoezi yake ya Kiroho, anataka Mkristo awe mwepesi kuipa kauli ya jirani yake maana nzuri kuliko kuihukumu. Na kama hawezi, amwulize mwenzake anaielewaje.

Hatua hii inakula muda, nakiri. Mara ya kwanza mtaona inachosha. Lakini ndiyo pekee ambayo ingeniokoa siku ile, kwa sababu huwezi kulirudia swali la mtu kwa uaminifu halafu papo hapo ukalifanyia mzaha.

*6. Katibu aandike.* Aandike hoja, si maneno yote: nani alisema nini, na nani alijibu nini. Mwishoni asome kwa sauti, na kila msemaji athibitishe. Ukijua kwamba kesho maneno yako yatasomwa na jina lako, ulimi unapata breki.

*7. Mwenyekiti asiwe shabiki.* Kazi yake ni tatu: kugawa nafasi ya kusema, kusimamisha anayemshambulia mtu badala ya hoja, na kumtafuta mnyonge wa siku hiyo. Akiona aliyeuliza hajajibiwa, amwambie msemaji: "Ndugu, swali bado liko mezani." Maneno hayo matano tu. Siku ile hakuna aliyeyasema, na sikuwa na ujasiri wa kujiambia mwenyewe.

*8. Hitimisho lisubiri.* Mkiweza, hitimisho lisitolewe jioni hiyo hiyo wakati damu bado inachemka. Padre mlezi au mtu mwenye uelewa achukue kumbukumbu, asome Maandiko na Katekisimu, kisha kikao kinachofuata aeleze: hoja ipi ilisimama, ipi ilianguka, na swali lipi halikupata jibu. Makofi si kipimo. Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje na kumchunguza.

*9. Malizeni na chai.* Msicheke, nipo makini. Wasemaji wa pande zote wakae meza moja. Na kesho yake kiongozi amtafute yule aliyezidiwa, amjulie hali.

Mdahalo una mipaka

Nisiwadanganye kwamba ukifuata hatua tisa kila kitu kitakaa sawa. Karthago ulikuwa mdahalo uliopangwa vizuri kuliko mingi, na Marcellinus aliamua kwamba Wakatoliki wana haki. Mwaka 412 ikafuata amri ya Kaisari Honorius iliyowatoza Wadonati faini. Wapo waliorudi, wapo waliobaki na uchungu, na mgawanyiko haukufutika mara moja. Hoja nzuri inaweza kuifungua akili. Moyo una mlango wake mwingine, na faini haiufungui.

Tomaso naye alijua mipaka hiyo. Anafundisha kwamba mtu asiyekubali chochote katika ufunuo, hatuwezi kumthibitishia kwa akili tupu mambo ya imani. Tunachoweza ni kujibu pingamizi zake. Hilo linatupunguzia mzigo mkubwa. Hujatumwa kumshinda kila anayekuuliza. Umetumwa kumjibu, na Mtume Petro anaongeza namna ya kujibu: kwa upole na kwa heshima (1 Pet 3:15).

Kuhusu yule kaka: nilimfuata gereji kwake, nikaomba msamaha mbele ya mafundi wenzake, maana kosa nilikuwa nimelifanya mbele za watu. Alifuta mikono kwa kitambaa, akanipa mkono. Tukafanya mdahalo mwingine, safari hii kwa kanuni ya kurudisha hoja. Akauliza swali lake lile lile. Dada mmoja wa upande wa pili akalirudia, kisha akamwuliza: "Kaka, ndivyo ulivyosema?" Akajibu, "Ndiyo, ndivyo." Halafu wakaisoma pamoja ile namba 2413, yote, pamoja na onyo lake.

Mkeka hajauacha. Lakini kikao cha vijana anakuja, na akinyoosha mkono watu wanasikiliza.

Maswali ya kutafakari na kujadili kwenye kikundi

1. Mkumbuke mtu mmoja uliyewahi kumshinda kwa maneno. Yuko wapi leo? Kuna jambo unatakiwa kumwambia?
2. Chagua jambo unalolipinga sana. Je, unaweza kueleza hoja ya wanaolikubali mpaka wao wenyewe waseme "ndivyo"?
3. Katika kikundi chenu, ni nani huwa hasikilizwi? Utaratibu gani ungempa nafasi?
4. Tungeni hoja moja kwa sentensi moja kuhusu jambo linalowatatiza vijana wa parokia yenu, na mpange siku ya kuijadili.

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulipokuwa kijana wa miaka kumi na miwili wazazi wako walikukuta hekaluni kati ya walimu, ukisikiliza na kuuliza. Utupe masikio kabla ya midomo. Utuepushe na ushindi unaomwacha ndugu chini. Ukweli tunaoutetea ni wako, basi utufundishe kuutetea kwa namna yako. Amina.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, utuombee. Mtakatifu Augustino, utuombee.

Nawatakia maandalizi mema, na tuombeane.